Ushuru wa Laptopu Unalipa Wewe, Siyo Mchina

Majaribio ya katikati ya muhula yamepita, pumzi imerudi, na kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi. Leo nalitema.

Tulikuwa na semina, mada ni viwanda. Akasimama kaka mmoja wa mwaka wa tatu, mzungumzaji mzuri kwelikweli, akasema Marekani wametuonyesha njia. Tupige ushuru asilimia 35 kwenye kila laptopu na kila simu inayoingia nchini, Mchina alipe, na hela hiyo tujengee kiwanda chetu cha chipu. Ukumbi ukalipuka makofi.

Makofi yale ndiyo yaliyoniudhi kuliko hoja yenyewe. Hoja mtu anaweza kuikosea, ndiyo maana tuko chuo. Lakini nilipoangalia waliokuwa wanapiga makofi, nusu yao wanatumia laptopu za mtumba ambazo betri imekufa zamani, ukichomoa waya tu imezima. Walikuwa wanashangilia bei ya laptopu yao ijayo ipande. Kwa furaha!

Basi nimekaa siku tatu nasoma. Nazungumzia chipu, siyo chipsi mayai, ile sahani ndogo ya silikoni ambayo bila hiyo simu yako ni kioo cha kujitazamia.

Tuanze na swali ambalo semina nzima hakuna aliyeliuliza: ushuru wa forodha analipa nani? Watu wanaongea kana kwamba forodha wanaandika ankara wanaituma Shenzhen. Hakuna kitu kama hicho. Anayelipa ni mwagizaji, yule aliyeleta kontena, na asipolipa mzigo hautoki bandarini. Akishalipa ana njia tatu. Ambembeleze mwenye kiwanda ashushe bei, akubali kupunguza faida yake, au akuongezee wewe. Wewe ungekuwa mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye pango na mkopo wa benki, ungechagua ipi?

Hatuna haja ya kubahatisha, maana Wamarekani wenyewe wamelipima. Mwaka 2018 serikali ya Trump ilipandisha ushuru kwa bidhaa nyingi za China. Mwaka 2019 wachumi watatu, Mary Amiti, Stephen Redding na David Weinstein, wakachapisha utafiti wao. Walikuta karibu mzigo wote wa ushuru ule umebebwa na Wamarekani: waagizaji na wanunuzi. Bei za wauzaji wa nje kabla ya ushuru hazikushuka kwa kiasi cha maana.

Mfano mtamu zaidi ni mashine za kufulia. Januari 2018 Marekani iliziwekea ushuru mashine za kufulia kutoka nje, asilimia 20 kwa mashine milioni 1.2 za kwanza kwa mwaka na asilimia 50 kwa zinazozidi hapo. Wachumi wa Benki Kuu ya Marekani na Chuo Kikuu cha Chicago wakafuatilia bei madukani. Mashine moja ilipanda kwa takriban dola 86. Sasa sikilizeni hii: na mashine za kukaushia nguo nazo zikapanda, kama dola 92, wakati zenyewe hazikuwekewa ushuru wowote! Kwa nini? Kwa sababu watu hununua zote mbili pamoja, wauzaji wakaona upenyo, wakaugawa mzigo. Na zile za viwanda vya ndani nazo zikapanda, maana mshindani wako akipandishiwa bei na serikali, wewe unashusha ya nini? Ajira zilizopatikana zilikadiriwa kuwa kama 1,800, na kila ajira moja iliwagharimu wanunuzi zaidi ya dola 800,000 kwa mwaka. Kwa hela hiyo unamlipa mtu mshahara mnono akae nyumbani, na chenji inabaki.

Kwa hiyo kaka yangu wa mwaka wa tatu, "Mchina alipe" ni maneno ya jukwaani. Kwenye karatasi za bandarini mlipaji ana jina lingine kabisa.

Twende 2025 basi, maana ndiyo aliyoitolea mfano. Februari ile Trump aliongeza asilimia 10 kwa bidhaa za China, Machi ikawa 20, na kufika tarehe 10 Aprili jumla ilikuwa 145. Asilimia mia moja arobaini na tano! Yaani kitu cha dola 100 kinadaiwa dola 145 za ushuru kabla hakijaonja jua la Marekani. Nintendo, waliokuwa waanze kupokea oda za Switch 2 tarehe 9 Aprili kule Marekani, wakaahirisha. Framework, wale wanaotengeneza laptopu unazoweza kuzifungua na kuzirekebisha mwenyewe, wakasimamisha kuuza baadhi ya modeli zao Marekani.

Halafu ikawaje? Usiku wa tarehe 11 Aprili, siku moja tu baada ya hesabu ile ya 145, serikali ileile ikatoa orodha ya msamaha. Ndani ya orodha kulikuwa na nini? Simu janja, kompyuta na chipu. Mei 12 wakakubaliana na China kushusha ule wa jumla hadi 30. Jiulize, kama ushuru unalipwa na Mchina, kwa nini uliondolewa haraka hivyo kwenye vitu ambavyo kila Mmarekani anavyo mfukoni? Aliyeuweka alijua vizuri nani angelia.

Hata hivyo bei hazikupona zote. Agosti 2025 Sony walipandisha PlayStation 5 Marekani kwa dola 50. Nintendo walipandisha Switch ya zamani huko huko, kifaa kilichotoka 2017, umri ambao vifaa vya namna hii huwa vinashuka bei. Apple walisema robo mwaka ile ya Juni ushuru uliwala kama dola milioni 800. Nitende haki hapa: siyo kila bei iliyopanda ni ushuru. Mwishoni mwa 2025 bei ya memori za kompyuta ilipaa kwa sababu kampuni za akili mnemba zilikuwa zinazoa kila chipu inayotoka kiwandani kwa ajili ya vituo vyao vya data. Lakini mtu akishakuwa na mafuriko ndani ya nyumba, hakuna sababu ya kufungulia na bomba.

Sasa sehemu ya pili ya hoja, ambayo ndiyo iliyovuta makofi zaidi: ushuru utatujengea kiwanda cha chipu. Hapa naomba utulivu.

Chipu moja husafiri kuliko balozi. Inaweza kuchorwa California, kwa kutumia misingi iliyobuniwa Cambridge, Uingereza. Sahani ya silikoni inatoka Japani. Mashine ya kuchora mistari yake kwa mwanga maalum inatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Veldhoven, Uholanzi, na mashine moja inazidi dola milioni 150. Chipu yenyewe inapikwa Taiwan, inapelekwa labda Penang, Malaysia, kupimwa na kufungashwa, ndipo inaingia kwenye simu inayounganishwa China, India au Vietnam. Hata sisi wa ukanda huu tumo: tantali iliyomo kwenye vifaa vidogo vinavyozunguka chipu, nyingi inachimbwa Kongo na Rwanda. Mnyororo huo, kila unapoweka geti la ushuru, umepandisha bei ya pingili inayofuata. Ukitoza vifaa, umemtoza mjenzi wa kiwanda. Ukitoza chipu, umemtoza anayeunganisha kompyuta ndani ya nchi yako mwenyewe.

Hili la mwisho limeshatokea kweli, tena Marekani. Mwaka 1991 waliwawekea Wajapani ushuru wa asilimia 62.67 kwenye vioo bapa vya kisasa vya laptopu, eti kulinda watengenezaji wachache wa vioo wa ndani. Lakini laptopu nzima, ikiwa na kioo kilekile ndani yake, iliingia bila ushuru huo. Ungekuwa Apple, IBM au Compaq ungefanyaje? Usihitaji shahada: unahamishia kazi ya kuunganisha laptopu nje, unaileta ikiwa imekamilika. Na ndivyo baadhi walivyofanya. Ushuru ule ulifutwa 1993. Walilinda karanga, wakapoteza shamba.

Na muda je? TSMC ya Taiwan walitangaza kiwanda chao cha Arizona Mei 2020. Uzalishaji mkubwa ulianza mwishoni mwa 2024. Zaidi ya miaka minne, na hao ndio mabingwa wa dunia, wana hela, wana wahandisi, na serikali ya Marekani iliwaahidi ruzuku ya dola bilioni 6.6 kwa sheria ya 2022. Ruzuku, jamani, siyo ushuru! Mtu anayewekeza mabilioni kwa miaka minne anataka kujua kesho itafananaje. Ushuru uliopanda Aprili tarehe 9, ukasamehewa tarehe 11, ukashuka Mei, huo siyo msingi wa kiwanda. Hata kibanda cha chipsi huwezi kukijenga juu yake.

Hapa najua kuna dada wa uchumi anayesoma hii amekunja uso: "Mbona Korea na Taiwan nao walilinda viwanda vyao?" Swali zuri, tena ni hoja yenye uzito kuliko ile ya Alhamisi. Ni kweli, walilinda vitu vingi. Lakini angalia walichofanya kwenye elektroniki hasa. Mwaka 1966 Taiwan ilifungua eneo maalum la viwanda vya kuuza nje pale Kaohsiung, ambako malighafi na vipuri viliingia bila ushuru. Bila ushuru! Mwaka 1973 wakaanzisha taasisi ya utafiti wa viwanda, ITRI. Mwaka 1976 wakatuma kundi la wahandisi vijana Marekani kwa kampuni ya RCA kujifunza kutengeneza chipu kwa mikono yao. Mwaka 1980 wakafungua hifadhi ya sayansi ya Hsinchu. Mwaka 1987 ndipo Morris Chang akaanzisha TSMC, kwa mtaji mkubwa wa serikali na wa Philips ya Uholanzi. Hesabu miaka, kutoka 1966 hadi 1987. Na tangu siku ya kwanza mteja wao alikuwa dunia nzima, siyo mwanafunzi wa Taipei aliyefungiwa mlango asinunue kingine.

Waliochagua njia ya kufunga mlango nao wapo. Brazil, kwa sheria ya 1984, ilitenga soko la kompyuta ndogo kwa kampuni za ndani. Wakapata kompyuta za ghali na za nyuma ya wakati, na magendo yakashamiri, mpaka mfumo huo ukavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kodi nzito zilibaki. Mwaka 2013 PlayStation 4 ilitangazwa kule kwa reali 3,999, zaidi ya dola 1,800 kwa wakati ule, wakati Marekani ilikuwa dola 399. Sony walilazimika kutoka hadharani kueleza kwamba zaidi ya nusu ya bei hiyo ni kodi.

Argentina nao wana Tierra del Fuego, kisiwa cha kusini kabisa ambako tangu 1972 viwanda vya kuunganisha elektroniki vinalelewa kwa misamaha ya kodi, huku za kutoka nje zikibanwa kwa ushuru. Zaidi ya miaka 50! Matokeo yake Waargentina wenye uwezo wakawa wanavuka milima kwenda Chile kununua simu. Mei 2025 serikali yao ikatangaza kushusha ushuru wa simu kutoka 16 hadi 8, na hadi 0 kuanzia Januari 15, 2026. Nusu karne ya kulea mtoto, na bado alikuwa hajatembea.

Haya, turudi nyumbani, maana mambo ya Argentina hayatulipii ada.

Wengi hamjui kwamba hapa kwetu kuna jambo jema limekaa kimya. Kwenye ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, bidhaa iliyokamilika kwa kawaida hupigwa asilimia 25, na tangu Julai 2022 kuna kundi la juu la asilimia 35. Lakini kompyuta, ambayo ni bidhaa iliyokamilika, imewekwa asilimia 0. Waliokaa mezani waliona kwamba kompyuta ni zana ya kazi, sawa na jembe. Ndicho ambacho kaka wa semina anataka tukifute, tena akiita uzalendo.

Tupige hesabu, kalamu mkononi. Tuseme laptopu imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 600,000. Asilimia 35 ni 210,000. Kama inatozwa na VAT, asilimia 18 hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani unalipa kodi juu ya kodi: 37,800 nyingine kwa sababu ya ushuru ule. Jumla ya nyongeza ni 247,800, na mwenye duka hajaweka faida yake bado. Kwa anayetegemea bumu la shilingi 10,000 kwa siku, hizo ni karibu siku 25 za kula na kulala. Mwezi mzima kasoro siku chache unashinda njaa ili mtu ajisikie mzalendo kwenye maikrofoni.

Na atakayeumia siyo mtoto wa bosi. Yeye ataletewa na mjomba kutoka Dubai ndani ya begi. Atakayeumia ni yule dada wa kompyuta sayansi anayeandika programu kwenye daftari kwa kalamu, anasubiri maabara ifunguliwe saa mbili asubuhi apange foleni. Mnamjua, yuko kila darasa. Mnataka nchi iwe na wahandisi wa chipu halafu mnamwekea ushuru mhandisi mwenyewe?

Mtaniambia Kenya. Ndiyo, Kenya mwaka 2022 iliweka ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa, na Oktoba 2023 kikazinduliwa kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, simu ya bei nafuu ikianzia shilingi 7,499 za Kenya. Sikidharau, ajira ni ajira. Lakini kuunganisha simu siyo kutengeneza chipu. Chipu, kioo na betri vinatoka nje, na kiwanda kama kile uhai wake ni vipuri kuingia kwa ushuru mdogo. Kwa hiyo hata mfano huo, ukiukamua vizuri, unatoa funzo la kushusha ushuru wa vipuri, siyo la kupandisha wa kila kitu.

Serikali inahitaji mapato, nalijua hilo, na barabara hazijengwi kwa maombi. Lakini itoze kilichozalishwa kwa kompyuta, isitoze kompyuta. Laptopu moja mikononi mwa fundi, mwalimu au mwandishi wa programu inalipa kodi miaka yote inapofanya kazi. Ukiikamua getini unapata mara moja, na pengine hupati kabisa maana itapita njia ya panya.

Tukitaka kweli kuingia kwenye chipu, pa kuanzia papo. Maabara za elektroniki za vyuo ziwe na vifaa vinavyowaka. Umeme usikatike katikati ya jaribio. Wanafunzi wapelekwe kujifunza kama Taiwan walivyofanya 1976, warudi na kazi ya kufanya. Tuanze na kuchora chipu, kazi inayohitaji kichwa, programu na kompyuta nzuri, kabla ya kuota kiwanda cha mabilioni ya dola. Na wale mafundi wa Kariakoo wanaobadilisha vipande vidogo kama punje ya mchanga kwa jicho na koleo, wapewe mafunzo na heshima. Hao wako karibu na elektroniki kuliko sisi tunaopiga makofi.

Kwa hiyo wadau, siku mtu akisimama tena kusema tuongeze ushuru Mchina alipe, msimzomee. Mwombeni kwa upole awaonyeshe risiti, na jina lililoandikwa chini yake.

Naomba kutoa hoja.